Kufeti ya Mkufunzi

Walisema sitaweza. Walisema hivyo Soko Mugdi mbele ya meza za maziwa, wakasema hivyo mlangoni mwa msikiti wakivaa viatu, na binamu yangu mmoja akasema hivyo kwa simu nikiwa bado kazini Ghuba, Uarabuni, hata sanduku sijafunga. Maabara ya kupima ini, Garissa? Kwa joto hili? Umeme ukipotea je? Damu ya Garissa hupanda basi kwenda Nairobi, wakasema, na itaendelea kupanda basi.

Hao walikuwa wanasema tu. Aliyesema akiwa na sababu alikuwa mmoja, yule aliyenifundisha kazi yenyewe, mkufunzi wetu wa kemia ya mwili.

"NADH haibendi joto," aliniambia siku niliporudi. "Haibendi unyevu. Haibendi mwanga. Na haibendi mwanamume mwenye majifuno. Wewe, waryaa, unaileta Garissa ikutane na yote manne."

Leo nina maabara Bulla Iftin, yenye mlango wa kioo, na jina langu limeandikwa juu yake kwa rangi ya buluu. Diploma yangu iko ukutani, mahali ambapo mgonjwa akikaa lazima aisome. Sikurithi kitu, sikubebwa na mtu serikalini. Ningeweza kuandika kurasa nyingi juu yangu mwenyewe, na siku moja nitaandika. Leo naandika juu ya huyu mwanamke.

Jina lake silitaji, maana hata sisi hatukulitumia. Darasani aliitwa Madam, sokoni aliitwa Edo, kama shangazi yeyote. Mimi moyoni nilimwita Mkufunzi, na bado namwita hivyo. Alikuwa mfupi na mpana, jilbabu yake ya rangi ya kahawa ikifagia sakafu, ncha za vidole zimeiva hina. Wageni waliokuja kukagua chuo walidhani ameungua na iodini. Alichelewa kila siku ya Mungu, na kila aliyeingia baada yake alifukuzwa. Alitukataza simu huku simu yake imebanwa kwenye hijabu karibu na sikio, akibishana na mtu kuhusu bei ya mbuzi. Hakuona ubaya wowote hapo. "Mimi nimeshafaulu," alisema. "Nyinyi bado."

Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu. P iligeuka b na v ikageuka f, kwa hiyo pipeti ikawa bibeti, na kuveti, kile kichupa cha pembe nne cha kutilia sampuli mbele ya mwanga, ikawa kufeti. Muhula mzima tuliandika bibeti na kufeti katika madaftari yetu, tukaziandika hata kwenye mtihani. Msahihishaji alikuwa yeye, tukapata alama zote. Nilipofika Ghuba nikaingia maabara yao kubwa na kuomba bibeti. Wenzangu walikuwa Waarabu, nao p hawana. Wakanipa bibeti bila swali. Kijana wa Garissa niliwazoea siku ya kwanza, wakati wenzangu kutoka nchi nyingine walihangaika mwezi mzima. Kufeti nimebaki nayo hadi leo. Mtu akinisahihisha namwonyesha ukuta.

Somo lililomfanya ajulikane lilikuwa la NAD. Aliandika herufi hizo tatu ubaoni, akamgeukia mwenzetu aliyetoka upande wa Balambala.

"Nyumbani kwenu na mto Tana, ni mbali?"

"Nusu siku, Madam."

"Maji yanafikaje?"

"Kwa ngamia."

"Ngamia gani?"

"Awr." Yaani ngamia dume wa mizigo.

"Akifika nyumbani mnamfanyaje?"

"Tunashusha maji."

"Mnamla?"

Darasa likacheka. Mwanafunzi mmoja wa Lafey akasema kutoka nyuma, "Akinona, Madam, mbona asiliwe?"

"Mle leo," akamjibu, "kesho mama yako abebe maji kwa kichwa. Awr haliwi njiani. Andikeni."

Tukaandika. Kisha akatueleza, na tangu siku hiyo sijasahau. Ndani ya kila chembe ya mwili sukari huvunjwavunjwa, na kila inapovunjwa kuna mzigo wa hidrojeni wa kubebwa. Vimeng'enya ndio wapakiaji, lakini mpakiaji habebi. Anayebeba ni NAD, koenzaimu, msaidizi wa kimeng'enya. Akiwa mtupu anaitwa NAD, akishapakiwa anaitwa NADH. Anakwenda na mzigo hadi mitokondria, ndiyo boma, anaushusha, boma linapata nguvu ya kuishi, naye anarudi mtupu mtoni kupakiwa tena. Hapungui, halegei, haliwi. Ngamia wachache wanatosha kulisha boma kubwa, mradi warudi.

"Na wasiborudi?" aliuliza mmoja wetu, naye alikuwa na p ile ile.

"Wasiborudi, mto umejaa maji na nyinyi mnakufa kiu."

Wiki hiyo hiyo mwenzetu mmoja alikuja akichechemea kutoka mpirani, misuli imekaza. Mkufunzi akamsimamisha mbele. Huyu, akasema, alikimbia kuliko pumzi yake. Bomani hakukuwa na wa kupokea mizigo, kwa sababu oksijeni haikutosha. Basi awr wakashusha mizigo njiani ili warudi haraka mtoni, na mzigo ulioshushwa njiani ndio asidi ya laktiki. "Mguu wake ni njia ya Balambala," alisema, "imejaa mitungi." Kijana aliitwa Mitungi mpaka tukahitimu. Sasa ana mke na watoto na bado anaitwa Mitungi.

Alikuwa na misemo, lakini si ile ya kutundika ukutani. Mwanafunzi akisema "nimeona", alijibu, "Kuona ni kwa wachungaji, wewe bima." Chupa ya NADH ilipotolewa kwenye jokofu, aliizungushia karatasi ya fedha mara mbili na kusema sasa imevaa hijabu. Aliyeacha chupa bila hijabu aliombewa dua mbele ya darasa zima, na dua yenyewe haikuwa ya heri. Mwili hutengeneza NAD kutokana na vitamini iliyo katika nyama, maini na njugu, na yeye Ijumaa alikula maini tu, sahani nzima, akisema anaongeza ngamia zizini. Kipimo chetu kilitakiwa kufanyika kwa joto la mwili, nyuzi thelathini na saba. "Nairobi wanabasha moto," alisema, akionyesha dirisha la saa nane mchana. "Sisi Mungu ametubashia."

Lakini kazi ya NAD iliyomfurahisha kuliko zote haikuwa ya mwilini. Ilikuwa ya maabara. Ngamia mwenye mzigo ana kivuli, alitufundisha, na mtupu hana. Ukipitisha mwanga wa nanomita mia tatu na arobaini, ule ulio zaidi ya zambarau ambao jicho halioni, NADH huunywa. NAD huuacha upite. Kwa hiyo ukichanganya majimaji ya damu ya mtu na dawa yenye NADH, na kimeng'enya cha ini lililoumia kimo katika damu hiyo, hatua zinafuatana mpaka ngamia wanashushwa mizigo mmoja mmoja. Vivuli vinapungua, mwanga unaongezeka. Kasi ya kupungua kwa vivuli ndiyo inakuambia ini limeumia kiasi gani. "Sisi kimeng'enya hatukioni," alisema. "Sisi tunahesabu fifuli."

Basi huyo ndiye aliyenicheka niliporudi. Nilimkuta kwake, nikamwambia mpango wangu, akacheka mpaka chai ya maziwa ya ngamia ikamwagika kwenye mkeka. Akanitajia yale manne ambayo NADH haipendi. Akanitabiria kwamba kabla ya mvua nitakuwa nauza betri za tochi. Halafu akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha pamba. Ilikuwa kufeti yake mwenyewe, ya kwatsi safi, jiwe angavu kama kioo, aliyoitumia tangu ujana wake. Glasi ya kawaida hula kidogo mwanga ule. Kwatsi haili kitu.

"Sijakuba," alisema. "Nimekuazima. Utairudisha siku utakaboshindwa."

Sasa niambie, mtu anayekucheka na kukuazima kwa mkono ule ule, utamweka wapi?

Niliazima kwa wengine pia, na sioni haya kusema, kwa sababu mtu akianza bila kitu lazima abebwe hatua ya kwanza. Abti yangu wa Balambala, ndugu wa mama, alinipa ngamia jike niuze nilipie mashine ya kusomea mwanga. Jirani fundi wa kuchomelea aliniachia jenereta yake. Na habaryar yangu, mama mdogo anayeuza maziwa Soko Mugdi, alinigawia pembe ya friza yake. NADH inakuja kama unga mweupe unaokaribia manjano, katika vichupa vidogo. Nilivitia kwenye mkebe wenye chembechembe za kunyonya unyevu, nikauvika mkebe hijabu, nikaulaza chini ya madumu ya maziwa.

"Hii ni dawa ya nini?" habaryar aliuliza.

"Si dawa, habaryar. Ni ngamia."

"Ngamia kwa friza yangu? Maziwa nimeweka, nyama nimeweka, sasa ngamia mzima? Hii ngamia nakula nini?"

"Hali kitu. Usimfungulie tu, asione jua."

Tangu hapo mteja akichokora ndani ya friza, habaryar alipiga kelele, "Wacha hiyo! Hiyo ngamia ya daktari!" Soko zima likajua. Wale waliosema sitaweza wakapata wimbo mpya, kwamba nimerudi kutoka Ghuba na ngamia wa unga.

Waliimba mpaka siku alipoletwa mchungaji mmoja wa Lafey, macho ya manjano kama limau, amechoka hata salamu hajibu. Nduguye alikuwa na karatasi ya maabara ya mji mwingine. Ini zima, ilisema, namba ndogo kabisa. Nilipima. Mashine yangu nayo ikatoa namba ndogo, mstari umelala chini kama mkeka. Nduguye akaanza kukunja shuka, waende kutafuta mtu wa kumsomea Kurani.

"Kaa," nikamwambia.

Nilitazama macho ya mgonjwa, nikatazama mstari, nikamsikia Mkufunzi kana kwamba ameketi pale na simu yake hijabuni. Hakuna mtu mwenye macho yale na ini zima. Nikasoma dawa peke yake bila damu. Vivuli vilijaa, ngamia wote walikuwepo na mizigo yao. Maana yake dawa haikuharibika. Damu ya huyu mtu ilikuwa na kimeng'enya kingi mno, kikashusha mizigo yote kabla mashine haijaanza kuhesabu. Ukifika getini msafara umeshapita, utaapa kwamba hakuna ngamia aliyepita. Nikachukua majimaji ya damu yake, nikayazimua mara kumi kwa maji ya chumvi, nikapima upya. Mstari ukaporomoka kama jiwe kisimani. Nikamwandikia hospitali namba ya kweli, akalazwa siku hiyo hiyo, na alhamdulillahi alipona. Alirudi baadaye kunisalimia kwa miguu yake, macho meupe.

Nilimpigia Mkufunzi nikiwa bado nimevaa glavu. Nilieleza kila kitu, na sikupunguza sifa zangu hata moja.

Akaniuliza: "Ulizimua mara kumi?"

"Ndiyo, Madam."

"Ukakumbuka kuzidisha kwa kumi mwishoni?"

"Ndiyo, Madam."

Akakata simu.

Garissa yote iliniamini baada ya mchungaji yule. Foleni ilifika kwa fundi wa kuchomelea. Walikuja mpaka watu wa Sangailu, na basi la Nairobi likapoteza damu yetu. Aliyebaki ni mmoja tu. Na huyo mmoja ndiye aliyehitaji kipimo kuliko wote, maana tangu mwezi wa mfungo alikuwa amepungua. Jilbabu ilimpwaya. Maini ya Ijumaa aliyaacha nusu. Daktari alimwambia apimwe ini, akamwambia daktari inshallah kwa ile sauti yetu ambayo maana yake ni hapana.

Binti yake alikuja kwangu akilia. "Hataki damu yake ipande basi. Anasema itachemka njiani, hapo Mwingi. Na hapa kwako hataki."

"Kwa nini hapa hataki?"

"Anasema bado anakuangalia."

Kisha akanong'ona jambo ambalo wanafunzi wote hatukuwahi kulijua. Mama yake, aliyetufundisha kutoboa mishipa ya mji mzima, anaogopa sindano. Alipojifungua huyu binti alimuuma nesi. Nilikaa nikafikiri juu ya miaka yote aliyosimama juu ya vichwa vyetu akisema mkono usitetemeke, kumbe mwenyewe alikuwa anatazama ukuta.

Basi nikapanga siku. Nilikuwa nimeshajipanga vya kutosha, mali yangu mwenyewe, jasho langu mwenyewe. Nikachinja mbuzi wawili, nikawaita wote walioniazima, uani kwa maabara, baada ya sala ya adhuhuri. Abti alikuja kutoka Balambala, nikamkabidhi ngamia jike mwenye mimba, mmoja na nusu kwa mmoja. Alimzunguka akimpapasa nundu, akatafuta kasoro, akaikosa. "Huyu ni bora kuliko yule," akasema kwa huzuni, kama mtu aliyenyimwa lawama. Fundi alirudishiwa jenereta yake, imefanyiwa servisi, pamoja na mpya juu yake. Habaryar nilimpa friza kubwa nyeupe. Akaifungua, akachungulia hadi chini.

"Hii haina ngamia?"

"Haina. Wangu sasa wana friza yao."

"Basi nitauzaje maziwa?" akasema. "Watu nakuja kuona ngamia."

Watu wakacheka. Mkufunzi alikuwa ameketi karibu na mlango, sahani ya pilau haijaguswa, binti yake pembeni. Alichelewa, bila shaka. Nikamwendea na kile kitambaa cha pamba, nikakifungua mbele ya wote. Kufeti ilikuwa safi, haina hata alama ya kidole.

"Madam, deni la mwisho."

Hakunyoosha mikono. "Nilikwambia uirudishe ukishindwa. Umeshindwa?"

"Sijashindwa."

"Basi unarudisha nini?"

Abti aliacha kumpapasa ngamia. Mimi si mtu wa kukosa maneno, mnanijua, nikamjibu: "Nataka usiku wa leo nilale bila kitu cha mtu."

Alinitazama muda mrefu kwa yale macho ambayo sikutaka kuyatazama kwa karibu, kuona kama weupe wake ni mweupe. Kisha akasimama, akapita kwenye mlango wa kioo wenye jina langu, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, mbele ya diploma yangu. Akavuta mkono wa jilbabu juu.

"Kabla hujairudisha, jaza," alisema.

Habaryar alimfuata ndani akamshika mkono mwingine. Mkufunzi aligeuza uso ukutani. "Biga haraka," alisema, "na usiniambie bole." Sikumwambia pole. Nilipiga mara moja, mshipa ukakubali. Hakuuma mtu. Damu ilipoganda nikaizungusha, nikachukua majimaji ya juu, yana rangi ya nyasi kavu, nikayatia pamoja na dawa katika kufeti yake mwenyewe, nikaishika kwa pande zake zenye ukungu kama alivyotufundisha. Nikaiingiza kwenye mashine. Alisogeza kiti akasimama nyuma ya bega langu, kama zamani.

"Mwanzo uko juu?"

"Uko juu, Madam. Wote wapo."

Mstari ukaanza kushuka. Ulishuka polepole, umenyooka, hauna haraka, kama msafara unaorudi nyumbani jioni wala haufukuzwi na mtu. Tulisubiri mpaka mwisho. Namba ilipotoka aliisoma yeye kabla yangu. Ini lake lilikuwa zima. Uchovu ule ulikuwa na dawa nyingine, na daktari aliipata baadaye bila shida.

Binti yake alikaa chini sakafuni akacheka na kulia. Mkufunzi hakusema alhamdulillahi kwa sauti, midomo tu ilicheza. Alichukua kufeti, akaiosha mwenyewe kwa maji yaliyochujwa, mara tatu, akaiinua dirishani dhidi ya jua la saa tisa, akaizungusha akitafuta alama ya kidole changu. Hakuipata. Akaifunga kwenye kitambaa, akaitia mkobani, akarudi uani na kula sahani yake yote ya pilau.

Mlangoni, akivaa viatu, alinigeukia.

"Sasa huna deni la mtu, waryaa," alisema. "Kesho tutaona kama una maabara."